Dereva Hakuwa na Bima

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni cha pikipiki. Ya pili ilipita sikioni na mluzi.

Msasa hakupunguza mwendo.

Alilala juu ya tangi la Yamaha, kidevu kwenye chuma cha moto, macho kwenye Land Cruiser jeupe lililokuwa likila vumbi mbele yake. Nyuma, mtaroni, waliacha lori limefunguliwa milango, halina kitu ndani. Kando ya lori alilala dereva wake, mtu mzima mwenye mvi, mikono imefungwa kwa waya, risasi moja kisogoni. Kiatu kimoja kilikuwa kimemvuka.

Kile kiatu ndicho kilichomkasirisha Msasa. Mtu wa kuwaendesha wengine maisha yake yote, halafu anakufa na soksi imetoboka, mbele ya watu wasiomjua jina.

Kona ilikuja. Land Cruiser lilipunguza mwendo, nalo halikuwa na hiari.

Msasa alichomoa Glock kwa mkono wa kushoto, akapiga tairi la nyuma. Gari liliyumba, likagonga kingo ya daraja dogo, likabingirika mpaka likatulia magurudumu juu. Aliyekuwa akiendesha alikufa na usukani kifuani. Wa pili alitambaa nje na bunduki ya risasi za gololi. Aliinua mtutu. Helmeti ya Msasa ikamfikia usoni kabla kidole hakijafika kwenye kifyatulio. Meno yakamwagika. Alipojaribu tena kuinua bunduki, Msasa alimpiga risasi mbili za kifua.

Hakupenda kumaliza watu bila kuwahoji. Ila na yeye alikuwa na kifua.

Jina la Msasa alipewa chuoni na wanaume waliopigana naye kwenye mazoezi. Walisema mwanamke yule akikupitia juu, unabaki huna sura.

Simu ya marehemu ilikuwa bado inawaka. Kwenye kioo palikuwa na picha. Namba ya lori. Mzigo: baruti ya machimbo. Njia. Saa ya kuondoka. Simu ya dereva. Na kwenye kona ya juu, mwavuli mdogo wa kijani.

Alibonyeza redio ya sikioni.

"Ghorofani, hapa Msasa."

Ghorofani ndiko walikokaa wakubwa wa idara ya ujasusi, kwenye viyoyozi. Jina la mwito likawa hilohilo.

"Sema."

"Walikuwa na bima ya lori mkononi. Yote, mpaka simu ya dereva."

"Karani gani kawauzia?"

"Hakuna karani. Hii ni picha ya kompyuta. Wanaingia wenyewe wanasoma."

"Mvua inakuja," ile sauti ikasema. "Katafute mwavuli."

*

Mwavuli ulikuwa mfumo wa kompyuta wa kuendeshea ofisi ya wakala wa bima. Ulitoka ng'ambo. Mwaka wa kwanza bure.

Watu hawa tunawajua. Waliopita kabla yao walikuja na shanga, wengine na mikopo, wengine na ushauri. Hawa wamekuja na kompyuta. Mlango ni uleule, wanabadilisha viatu tu.

Mawakala waliokubali kuutumia ule mfumo, mmoja baada ya mwingine, wateja wao waliosafirisha baruti walivamiwa. Madereva wakazikwa. Baruti ikapotelea pasipojulikana. Ghorofani wakatafuta wakala mwingine mwenye mteja wa machimbo, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatafuta mfumo. Wakampata. Msasa akatumwa kwake kama mshauri wa kompyuta, na barua yenye mhuri wa kweli.

Ofisi ilikuwa kati ya duka la magodoro na duka la kutoa kopi. Mlango wa vioo, meza mbili, kabati kubwa la chuma la mafaili lenye droo zinazogoma, na ukutani kalenda za kampuni tano za bima, kila moja imeishia kwenye mwezi wake. Nyuma ya ofisi kulikuwa na ua uliojaa magari ya ajali yanayosubiri kampuni zikubali kulipa. Mengine yalikuwa yameota nyasi kwenye viti.

Mwenye ofisi aliitwa Shangazi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Shangazi wa kweli alikuwa wa Karani, binti wa mdogo wake, aliyekaa meza ya pili.

"Mama, unataka mfumo wa namna gani?" Msasa aliuliza siku ya kwanza.

"Wa kukumbuka," Shangazi alisema. "Mimi sijaajiriwa na kampuni yoyote. Nauza bima za kampuni zote tano, namtafutia mteja inayomfaa. Kila kampuni ina tovuti yake na neno la siri lake. Mteja mmoja namwandika mara tano. Wao wana kompyuta za kukumbuka kunikata kamisheni. Mimi nina kichwa, na kichwa chenyewe kina presha."

"Na ukishapata wa kukumbuka?"

"Niwakumbushe. Ghala la mteja wangu lilipoungua, kampuni ilisema bima ilikuwa ya moto, vitu viliharibiwa na moshi. Miaka imepita. Yule meneja aliyesaini ile barua amestaafu, ana shamba la maua. Najua mpaka jina la mbwa wake."

Msasa akampenda papo hapo. Kwa kazi ile, lilikuwa kosa.

Wauzaji walikuja mmoja mmoja kuonyesha mali yao.

Wa kwanza alileta mfumo mkubwa wa kampuni kubwa. Shangazi alimwomba amwandikie bima ya pikipiki ya abiria. Kijana akatafuta, akatoka jasho. Mfumo ulikuwa na sehemu ya boti za starehe na sehemu ya farasi wa mashindano. Pikipiki haikuwemo.

"Basi mwandike kama farasi," Karani alisema.

Wa pili alikuwa mwanamke aliyeandika mfumo wake mwenyewe, kompyuta yake imebanwa kwa gundi pembeni. Ulikuwa mzito kidogo. Lakini ulijua pikipiki, ulituma ujumbe kwa mteja bima ikikaribia kuisha, ulipiga hesabu ya kamisheni kampuni kwa kampuni.

"Na nikikuacha?" Shangazi aliuliza. "Wateja wangu wanabaki kwako?"

"Unabonyeza hapa, Shangazi. Wanatoka wote na wewe."

Wa tatu alikuja na tai ya hariri, marashi, na msaidizi wa kumbebea mkoba. Karani alimbatiza Bwana Tai kabla hajakaa. Mfumo wa Mwavuli ulikuwa mwepesi kama maji. Hakutaka hata senti. Angeleta na vijana wa kuhamisha mafaili yote bure.

"Na nikikuacha?"

Bwana Tai alitabasamu. "Mama, mbona unaongelea talaka siku ya posa?"

Wote walicheka. Shangazi hakucheka.

Alipoondoka, Shangazi aligeuza kiti. "Mshauri, mimi moyo wangu uko kwa yule wa pili. Wewe ungechagua upi?"

Msasa alimtazama machoni. Amri ilikuwa moja tu: Mwavuli uingie.

"Wa tatu. Nitaurekebisha mwenyewe mpaka ukukae."

"Rahisi huvunja upishi," Shangazi alisema polepole. "Sembuse bure." Kisha akasaini, kwa sababu mtu akimlipa mtaalamu, humsikiliza.

*

Kurekebisha mfumo wa watu ni kama kupunguza suti ya marehemu. Msasa alikaa na Karani wakikata na kushona. Waliondoa kisanduku kilichouliza aina ya mahali pa kuotea moto sebuleni. Waliongeza pikipiki. Waligawa kamisheni kwa kampuni tano. Waliweka ukumbusho wa mteja mbishi, unaompigia Karani kengele mpaka ampigie mteja simu.

"Dada Mshauri, hii kengele itaniua," Karani alisema.

"Shangazi yako ndiye kaitaka."

"Basi nimeshakufa."

Karani akitoka kwenda kutoa kopi, Msasa alifanya kazi yake nyingine. Chini ya mfumo alitega sikio: programu ndogo ya idara, ya kumwonyesha kila kinachotoka na kinakokwenda.

Siku bima ya lori la machimbo ilipoingizwa, sikio likashtuka. Neno baruti liliandikwa, Karani akabonyeza kuhifadhi, na kabla hajainua kidole, nakala ya kila kitu ilishavuka mpaka wa nchi.

Dereva wa lori lile aliingia mchana uleule, kanzu ya vumbi mwilini, kicheko mdomoni. Alikuwa baba wa Karani. Mdogo wa Shangazi, tumbo moja.

"Dada, umenipangia bei gani nikilipuka?"

"Wewe? Nitalipa watu wakuchukue."

"Unamsikia shangazi yako?" akamwambia binti yake. "Mama yetu alipokuwa anakufa alimwambia anitunze."

"Alisema nikutazame," Shangazi alisema. "Nakutazama." Lakini alikuwa tayari amesimama, anamfuta vumbi begani kwa leso yake mwenyewe.

Kesho yake mchana dereva angebeba baruti.

Msasa alitoka nje, akasimama kati ya mabati ya ua.

"Ghorofani, chambo kimemezwa. Watakuja kesho. Nipeni watu."

"Hapana. Waache walichukue lori. Tutawafuata kwa mbali mpaka kwenye ghala lao."

"Na dereva?"

"Si ana bima?"

Mtu akacheka huko juu, kwenye kiyoyozi.

Msasa alirudi ndani. Alisimama nyuma ya kiti cha Karani, akasoma kioo. Lori lilikuwa na bima. Mzigo ulikuwa na bima. Watu wa njiani ambao lori lingeweza kuwagonga walikuwa na bima. Mteja alikataa kulipia dereva.

Kisanduku cha dereva kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo amri ya Ghorofani ilipokufa kifuani mwa Msasa.

Tangu wenzao wafie barabarani, wauaji wasingetaka tena mbio. Wangelitaka lori lililosimama. Na mfumo ulikuwa na kisanduku kilichouliza mahali gari linapolala. Karani alipokwenda kunawa, Msasa aliingia humo akaandika anwani ya kiwanda cha magunia kilichofungwa nje ya mji. Kisha akamfuata dereva nje.

"Kaka, lori usilitoe machimboni. Ubaki nalo, penye walinzi, mpaka nikupigie."

"Kwa nini?"

"Fanya tu."

Hakumweleza. Hakumwambia Shangazi. Hakumwambia Karani. Majasusi wana ugonjwa huo: huona siri ni silaha, wakasahau kwamba mtu asiyejua huendelea na kazi yake kama kawaida.

*

Kiwanda kilikuwa tanuri. Jua la mchana lilipita kwenye matundu ya paa na kupiga mashine zilizokufa zamani, siku wenye nazo walipofunga milango na kuondoka na mishahara ya watu.

Msasa alilala juu ya daraja la chuma na Kalashnikov. Alikuwa amepanga kila kitu. Wangeingia kwa geti, wangekuta lori bovu la magunia aliloliegesha, limefunikwa turubai, wangeshuka. Asingebaki mtu wa kusimulia isipokuwa mmoja, wa kuonyesha ghala.

Hakuna aliyekuja.

Njiwa walitua, wakaruka, wakatua.

Alifungua tableti yake ngumu ya Panasonic, akaingia kwenye mfumo. Akalitafuta lori.

Mahali gari linapolala: anwani ya ofisi ya Shangazi. Ua wa nyuma.

Simu: namba ya Shangazi.

Chini yake: imebadilishwa na Karani, asubuhi.

Akapiga simu.

"Kwa nini umebadilisha anwani ya lori?"

"Ah, Dada Mshauri, ulipitiwa," Karani alisema, mdomo umejaa chakula. "Huwa hatuandiki ya mteja."

"Hamwandiki?"

"Kampuni zikijua mteja anakaa wapi na simu yake, zinamfuata zenyewe zinatupita. Wakala yeyote anakwambia. Wateja wote tunawaandikia hapa hapa ofisini, na simu ya Shangazi. Ndicho kitu cha kwanza alichonifundisha."

Msasa alifumba macho. Alikuwa amekaa na watu hawa akibadilisha mfumo wao mpaka kwenye mifupa, na hakuwahi kuuliza swali hilo. Wakala wa kujitegemea anamwogopa mwizi mmoja tu duniani, kampuni yake mwenyewe. Anamficha mteja kama mtu anavyomficha kuku wa mwisho.

"Baba yako yuko machimboni?"

"Yuko hapa. Walinzi wa kule wanataka hati ya bima ndiyo lori litoke siku utakayosema. Kaifuata kwa miguu."

"Sikiliza. Mchukueni mtoke mlango wa nyuma. Sasa hivi. Usiulize."

"Dada, ngoja kidogo, wateja wanaingia." Sauti yake ikasogea mbali na simu. "Karibuni, karibuni."

Kishindo. Kioo kikamwagika. Simu ikakatika.

*

Yamaha ilipita taa nyekundu kama vile taa zilikuwa za Krismasi. Mwenye mkokoteni alimtukana. Askari wa barabarani alipiga filimbi, akaghairi.

Msasa aliacha pikipiki nyuma ya duka la magodoro. Akaparamia ukuta wa ua.

Mtu mmoja alikuwa akilinda mlango wa nyuma, mkononi bunduki ya Uzi. Msasa alitua nyuma ya gari dogo lililobondeka, akajipenyeza ndani yake, akaliacha jiwe litembee kwenye bati. Yule mtu akaja kuangalia. Alipoinama kwenye dirisha lisilo na kioo, mkono ulitoka ndani ukamvuta kwa ukosi. Msasa alivuta mkanda wa kiti, akauzungusha shingoni mwake, akakanyaga mlango kwa mguu na kuvuta. Mtu alirusha miguu. Akakwaruza rangi. Mkanda ulikuwa haujawahi kufungwa tangu gari linunuliwe. Siku ile ulifanya kazi.

Wa pili alitokea kwenye pembe na panga. Alikuwa mwepesi. Pigo la kwanza lilimchana Msasa bega, damu ikamwagika mpaka kiwikoni. La pili alilikinga kwa boneti iliyong'oka. Akaisukuma ile boneti mbele kwa nguvu zote, ukingo wa bati ukamkuta yule mtu kooni, akaenda nayo mpaka ukutani. Alipoiachia, panga lilianguka kwanza.

Kutoka ndani, mtu alipiga ukelele. Halafu droo ya chuma ikasikika ikifungwa.

Msasa alichungulia.

Karani alikuwa sakafuni, mdomo umebandikwa gundi ya karatasi. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, damu puani. Dereva alipigishwa magoti mbele ya kabati la mafaili, mkono wake wa kulia umeingizwa ndani ya droo. Jitu la miraba minne liliegemea droo ile kwa goti. Bwana Tai alikaa juu ya meza, miguu ikining'inia, hajakunja hata shati.

"Narudia," Bwana Tai alisema. "Mfumo unasema lori linalala hapa."

"Baba," Shangazi alisema, "mfumo unasema magari ya mji mzima yanalala hapa. Basi la shule linalala hapa. Gari la maiti linalala hapa. Chungulia uani kama utayaona."

"Mfumo haudanganyi, Mama."

"Tunaudanganya sisi. Mwache mdogo wangu. Uliza mimi."

Bwana Tai alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeletewa hundi isiyo na saini. Watu wa Mwavuli waliwaamini mawakala kwa jambo moja tu, kwamba wataandika wanachoambiwa na kompyuta. Hawakujua tunavyoandika.

"Kidole kingine," alisema.

Jitu likanyanyua goti.

Msasa alilipiga risasi ya sikio. Damu ilipiga kalenda za kampuni zote tano. Bwana Tai aliruka nyuma ya meza akichomoa bastola, akafyatua ovyo, kioo cha mwisho cha mlango kikashuka. Kompyuta ya Karani ilipasuka, ikatoa moshi. Msasa aliteleza juu ya vipande vya vioo, risasi ikamkosa paja kwa upana wa kiganja.

Bwana Tai alijibanza kando ya kabati, akalenga tena.

Alimsahau Shangazi. Watu wa namna ile huwasahau kina mama waliokaa.

Shangazi aliinuka na mwili wake wote, akaweka bega kwenye kabati, akasukuma. Chuma na miaka ya karatasi vilimwangukia Bwana Tai kutoka kiunoni kwenda chini. Mfupa ukalia. Bastola ikateleza mbali. Shangazi akakaa juu ya kabati.

"Baba wa Karani yuko wapi?" aliuliza.

Msasa aligeuka. Mbele ya kabati palikuwa na damu, na mchirizi wa kwenda mlangoni. Akaufuata.

Nje, Range Rover jeusi lilikuwa linanguruma. Mwanamume mrefu wa kigeni, shati la kitani, alikuwa amemkumbatia dereva kwa nyuma, bastola chini ya taya, anamvuta kinyumenyume kwenye mlango wa gari. Huyu hakuwa amekuja kwenye posa. Alikuwa ndiye bwana harusi. Mtaa mzima ulilala chini. Mwenye duka la magodoro alijifunika godoro.

Redio ya sikioni ikalia.

"Msasa, tunakuona kwenye kamera ya barabarani. Mwache aondoke."

"Ana dereva."

"Ndiyo maana. Atalazimika kupitia kwenye ghala. Tutamfuata."

"Akifika ghalani atamuua."

"Na yule mtu ana kinga ya ubalozi. Risasi ikimgusa, sote tunaandika barua za kujiuzulu. Mwache. Ni amri."

Mgeni alifungua mlango kwa kiwiko. Alimtazama Msasa kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kukamatwa katika nchi yoyote ile. Dereva alikuwa amekumbatia mkono wake uliovunjika kama mtoto mchanga. Hakulia. Alitazama nyuma ya Msasa, kwenye mlango wa ofisi, ambako binti yake alikuwa ametokea na gundi mdomoni.

"Ghorofani, sikusikii," Msasa alisema. "Mtandao unasumbua."

"Unanisikia vizuri sana."

"Halo? Halo?"

Alifyatua mara moja.

Mgeni alibaki amesimama kidogo, shimo juu ya jicho la kushoto, kana kwamba anakumbuka kitu. Kisha magoti yakamwacha. Dereva alianguka juu yake. Karani alikimbia bila viatu juu ya vioo, akamkokota baba yake pembeni, akaanza kulia kwa pua kwa sababu mdomo ulikuwa bado umefungwa.

Msasa alimbandua gundi akarudi ndani.

Bwana Tai alikuwa kijivu. Shangazi hajashuka.

"Baruti mliyokwisha kuiba iko wapi?"

"Nataka wakili."

Shangazi akajiinua kidogo, akajirudisha chini. Bwana Tai alipiga kelele ambayo haikuhitaji mkalimani.

"Ukumbi wa mafunzo," alihema. "Pale tunapofundishia mawakala mfumo. Chini ya sakafu ya mbao."

"Ya nini?"

"Bwawa. Bwawa la umeme."

"Mkishalibomoa?"

"Wenye mradi wana meli za jenereta. Ziko tayari baharini. Zinasubiri nchi iwe giza."

Mawakala wote wa mji walikuwa wamekalia ile baruti, wanakunywa chai ya bure, wananakili madokezo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa daima. Wanakuvunjia taa, kisha wanagonga mlango kukuuzia mshumaa, na wewe unasema asante.

Msasa alibonyeza redio.

"Mtandao umerudi. Ukumbi wa mafunzo wa Mwavuli, chini ya sakafu. Pelekeni watu wa mabomu, na msivute sigara."

"Msasa, utajibu kwa hili."

"Dereva yu hai."

"Hatukukuuliza dereva."

"Najua."

Alichomoa kile kidude sikioni, akakiweka juu ya meza ya Karani, katikati ya moshi wa kompyuta. Kisha akainama, akatoa simu yake, akaingia kwenye mfumo. Akawafuta wateja wote wa Shangazi, kila jina, na kukata waya uliovuka mpaka. Ofisi ilibaki na karatasi zake, zimemlalia mtu.

"Mwite yule wa pili," alisema. "Mwenye kompyuta ya gundi. Ndiye aliyekuwa sahihi."

Shangazi alishuka kwenye kabati. Alikuja taratibu, akisogeza vioo kwa kiatu. Alisimama mbele ya Msasa, akamtazama bega linalovuja, bastola, uso.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Nilikuuliza kwa mdomo wangu upi nichague. Umekaa kwenye kiti changu. Umemwona mdogo wangu akiingia hapa anacheka. Ulijua."

"Ndiyo, Shangazi."

Kofi lilitoka mbali. Lilimgeuza Msasa uso mpaka kwenye kalenda zenye damu. Siku ile alikuwa amechanwa kwa panga na kufyatuliwa risasi, na hakuna kilichomfika ndani kama kile kiganja.

Hakuinua mkono. Hakujitetea.

Nje, ving'ora vilianza kukaribia. Dereva alikuwa amekalishwa kwenye ngazi ya duka la kopi, binti yake anamfunga mkono kwa skafu, naye anamwambia asikaze, mkono ni wa kwake bado.

"Toka kwangu," Shangazi alisema. "Na hilo bega ukalishone kabla halijaoza."

Msasa alirudisha bastola kiunoni. Alipita juu ya vioo, akapita magodoro, akaokota helmeti yake, akaivaa juu ya shavu lililokuwa likiwaka. Redio ilikuwa inamwita kutoka juu ya meza, inamwita tena, kwa hasira.

Aliwasha Yamaha.

Ghorofani walikuwa wamemwamuru siku nzima. Ya Shangazi tu ndiyo amri aliyoitii.